Kidani cha Meno Matatu

Ufunguo ulikuwa wa mlango wa nyuma,
ule wa wanawake, unaotokea kichochoroni.
Nyumba ilipouzwa hakuna aliyeutaja.
Wanunuzi walipewa funguo za mbele, wakaridhika;
huu ukabaki kwenye kopo la Kimbo
pamoja na vifungo na sindano iliyovunjika tundu.

Miaka sita. Halafu nikaukata.

Fundi Shekuwe, aliyenifunza kushika tupa,
aliweka kikombe chake chini.
"Ufunguo haukatwi meno," alisema,
"ni kumtoa mtu ulimi."
Lakini alinishikia koleo.
Alijua mkono wangu wa kushoto hutetemeka
nikishaanza jambo nisiloweza kulitengua.

Fedha ilikuwa furungu la bibi,
lile lililobaki bila mwenzake.
Nililiyeyusha, nikavuta mkufu,
nikayaning'iniza meno matatu, kila moja na pete yake ya lehemu.
Kutu sikuisugua.
Kutu ilifika kabla yangu.

Somoe alinikopesha shingo.
"Uso usitoke," akaniambia, "wala ndewe."
Tukapanda darini saa kumi, jua likiwa limelegea,
nikapiga picha arubaini na tatu,
nikatupa moja mtandaoni kwa bando la shilingi ishirini.
Nikaandika: chuma, fedha, gramu sitini na moja.
Sikuandika ni mlango gani.

Kufikia asubuhi ilikuwa imekwenda mbali
kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu.
Mwanafunzi mmoja wa Seoul aliihifadhi.
Duka la Lisbon likaitundika kati ya pete ya karatasi
na bangili ya nywele za farasi.
Mioyo myekundu elfu nne na mia moja,
na hapa Langoni
hakuna aliyekiona chenyewe ila Somoe, fundi,
na paka aliyekalia kitambaa.

Picha haina uzito. Hilo ndilo linalonisumbua.
Haikwambii kwamba jino la kati hukaa baridi
hata baada ya saa nzima kifuani,
kwamba ukiinama kuokota kitu meno hugongana
kwa sauti ya mtu aliyechelewa kurudi nyumbani.
Wanapenda kitu kisichowahi kuwagusa.
Nami nawashukuru; kodi ni kodi.

Wiki ya pili akaja mnunuzi.
Aliandika kwa adabu, akalipa bila kuteta bei,
akaniachia anwani: Lamu, Mkomani,
nyumba yenye mlango wa nyuma wa kijani.
Nikaisoma nimesimama.
Nikaisoma tena nimekaa.

Angeweza kuniita kwa sauti kutoka darini kwake.
Badala yake ujumbe ulipita chini ya bahari,
ukazunguka miji nisiyoijua,
ukanikuta hatua mia mbili na kumi
kutoka alipokuwa amekaa.

Nilikifunga kwenye karatasi ya kaki.
Nikapita kichochoroni.
Kitasa ni kile kile, wamekipaka mafuta tu.
Alifungua mama mwenye mvi fupi, miwani juu ya kichwa,
akakivaa pale pale kizingitini, akasema
kwa Kiswahili cha vitabuni:
"Pichani kilionekana kikubwa zaidi."
Kisha kidole chake kikafika jino la kati.
"Ni baridi."
Nikasema ndiyo.

"Na haya ni meno ya nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelibeba
tangu pembe ya msikiti, nikilisafisha njia nzima.
Nikamwambia: "Ni chuma cha kale tu."

Akacheka, akaniambia ingia unywe chai,
akatangulia kuwasha jiko.
Nilivua viatu upande wa kushoto, chini ya kidaka,
nikainamisha kichwa kukwepa boriti
ambayo hakuwa bado amenionya.